Taya Likilia Ka! Usikimbilie Kung'oa Jino

Hapa Mombasa, mtu akishika shavu barazani huambiwa ni jino. Akisema maumivu yako karibu na sikio, atatajiwa mafuta ya moto ya kutia sikioni. Dhana hii ndiyo inayogharimu watu meno mazima.

Mbele kidogo ya tundu la sikio pana kiungo cha taya. Weka kidole hapo, uachame taratibu: utahisi kifupa kikizunguka, kisha kikiteleza mbele. Ndani yake mna kisahani cha gegedu. Kiungo hicho kikiumia, au misuli yake ikichoka, maumivu hupanda sikioni, kipajini, hata shingoni. Sikio lenyewe huwa zima, na jino pia.

Husemwa pia: "Taya linalia, basi limeharibika." La. Taya za wengi hulia ka! wakipiga miayo. Kama haliumi wala halikwami, liache.

"Ni upepo mbaya." Wapi! Chanzo huwa kusaga meno usingizini, kuyauma kwa mawazo, pigo, au baridi yabisi. Nami naongeza muguka, yale majani ya jamii ya miraa: mtu anatafuna toka alasiri hadi usiku wa manane, na chingamu humo humo. Jirani yangu alipewa muhogo wa kuchoma asubuhi, mdomo ukakataa kuachama kupita vidole viwili. Kwa kawaida vitatu vya mtu mwenyewe, vikisimamishwa, huingia.

"Bila kupasuliwa huponi." Wengi hupata nafuu kwa wiki chache za kulipumzisha taya. Kula uji, bokoboko, mbaazi za nazi zilizolainika. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, husaidia kwa siku chache, ila mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza. Na zoea hili: midomo imefumba, meno hayagusani. Anayesaga usiku, daktari wa meno humtengenezea kinga ya plastiki ya kulalia. Kisu ni cha wachache, tena mwisho kabisa.

"Taya likichomoka, kofi moja hulirudisha." Kofi laweza kuvunja mfupa. Mdomo ukiachama ukakataa kufumba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Taya likikaza baada ya mtu kuchomwa na msumari, huenda ni pepopunda. Usilale nalo nyumbani. Na likiuma kila unapopanda ngazi, pamoja na kifua kubana, upimwe moyo, tena haraka.