Kitufe Kilichobaki Kijivu: Yanayodhaniwa na Yalivyo Kuhusu Kuwasha na Kuzima Vitufe Katika Programu za Simu

Mtu amejaza jina, amejaza barua pepe, ameandika nywila mara mbili. Kitufe cha kutuma bado ni cha kijivu. Anakigusa. Anakigusa tena kwa kukaza kidole, akidhani kioo hakijasikia. Hakuna ujumbe wala alama yoyote inayomwonyesha alipokosea. Mwishowe anaifunga programu, na aliyeitengeneza hatajua kamwe kwamba kilichomkwamisha mtu huyo ni nafasi moja tupu ambayo kibodi iliiacha nyuma ya barua pepe yake.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja: sehemu ya kuandikia ikiwa tupu, kitufe kizimwe, ikiwa na maandishi yanayofaa, kiwashwe. Kwa sababu inaelezeka hivyo, wengi huiandika haraka na kuiacha. Makosa ninayoyakuta kwenye misimbo ya wenzangu, na ambayo nimeyafanya kwenye yangu, yanatokana na dhana zilezile chache.

Dhana: ukisikiliza kibodi, utajua mtu ameandika nini.

Maandishi huingia kwa milango mingi, na kibodi ni mmoja tu. Mtu hubandika alichonakili kwingine, huteua neno lililopendekezwa, husema kwa sauti simu ikamwandikia, au huiachia programu ya kutunza nywila imjazie. Kwenye Android, setOnKeyListener imekusudiwa vibonye halisi. Kibodi ya kwenye kioo hailazimiki kutoa taarifa ya kila kibonye kilichoguswa, na mara nyingi haitoi. Kwa hiyo yasikilize maandishi yenyewe: TextWatcher kwa Android, tukio la editingChanged kwa UITextField ya iOS, TextEditingController kwa Flutter, onChangeText kwa React Native (hizi mbili za mwisho ni zana za kutengeneza programu moja ya Android na iOS).

Kwenye iOS kuna mtego ambao umewapotezea watu saa nyingi. Njia iitwayo shouldChangeCharactersIn huitwa kabla maandishi hayajabadilika, kwa kuwa kazi yake ni kuuliza kama mabadiliko yaruhusiwe. Ukisoma text humo ndani, unasoma ya zamani. Basi mtu anaandika herufi ya kwanza na kitufe hakiwaki. Kinawaka kwenye ya pili. Akifuta zote, kitufe kinabaki kimewaka juu ya sehemu tupu. Anayejaribu programu kwa kuandika neno zima kwa haraka hawezi kuliona kosa hili, kwa sababu mwishoni mwa neno kila kitu huonekana sawa.

Jambo jingine la kuangalia: programu yenyewe ikijaza sehemu, editingChanged haitokei, na onChanged ya Flutter haiitwi. TextWatcher huitwa, na msikilizaji aliyeshikizwa kwenye TextEditingController huitwa pia.

Dhana: kitufe kiwashwe tukio la kukiwasha linapotokea, na kizimwe la kukizima linapotokea.

Hapa ndipo penye mzizi. Tuseme fomu ina sehemu tatu, na kila moja imepewa msikilizaji wake, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi maandishi yanapobadilika: nikipata maandishi nawasha kitufe, nikiwa tupu nakizima. Mtu anajaza ya kwanza, kitufe kinawaka papo hapo wakati mbili bado tupu. Msanidi analigundua, anaongeza sharti kwenye sehemu ya tatu. Mtu anarudi kufuta ya kwanza, kisha anarekebisha herufi moja kwenye ya tatu, na sharti la huko halijui lililotokea juu. Sharti jingine linaongezwa. Baada ya wiki mbili kitufe kina amri kutoka pande sita na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kitawaka lini.

Kitufe hakitakiwi kuwa na kumbukumbu yake. Hali yake ni jibu la swali moja linaloulizwa upya kila mara: je, maandishi yote yaliyopo sasa yanatosha? Andika kitendakazi kimoja kinachosoma sehemu zote na kurudisha ndiyo au hapana, kisha kila msikilizaji akiite hichohicho. Zana za siku hizi zimejengwa juu ya wazo hili. Katika Jetpack Compose ya Android unaandika enabled = jina.isNotBlank(), katika SwiftUI ya iOS .disabled(jina.isEmpty), na unakuwa umeeleza uhusiano badala ya kutoa amri. Flutter ina desturi yake: ElevatedButton haipewi neno la kuizima, bali onPressed (kazi ya kuitwa kitufe kikiguswa) ikiwa null, yaani haipo, na onLongPress (ya kukishikilia) pia haipo, kitufe huzimika chenyewe. Wanaoanza Flutter mara nyingi huandika sharti hilo vizuri, halafu wakashangaa kitufe hakibadiliki, kwa sababu hakuna kilichoiambia skrini ijichore upya. Unahitaji setState, au ValueListenableBuilder inayosikiliza kontrola ya sehemu hiyo.

Kutoka kwenye mzizi huohuo hutokea kosa la skrini inapoanza. Skrini inafunguka, sehemu ni tupu, kitufe kinawaka. TextWatcher haiitwi kwa kuwekwa tu, husubiri mabadiliko. Uliza swali lako mara moja skrini inapoanza. Simu ikigeuzwa kutoka wima kwenda mlalo, kwa kawaida Android huijenga skrini upya: maandishi ya EditText (sehemu ya kuandikia ya Android) yenye kitambulisho hurudishwa, lakini kuwaka au kuzimika kwa kitufe hakutunzwi. Msikilizaji aliyewekwa ndani ya onCreate, hatua ya kwanza ya kuijenga skrini, atayasikia maandishi yakirudi. Aliyewekwa baadaye atakuwa amechelewa, na kitufe kitabaki kimezimwa mbele ya fomu iliyojaa.

Dhana: sehemu isiyo tupu imejazwa.

Nafasi tano ni maandishi kwa isEmpty, lakini si jina la mtu. Kotlin, lugha ya programu za Android, ina isBlank kwa ajili hiyo. Kwa lugha isiyo nayo, kata nafasi za pembeni kabla ya kupima. Kwa barua pepe hili ni la lazima, maana kibodi nyingi huongeza nafasi baada ya neno lililopendekezwa, na mtu haioni. Ikate kwenye nakala unayoipima na unayoituma, usiiguse ndani ya sehemu mtu akiwa bado anaandika. Kishale kitamruka, na kwenye Android ukibadilisha maandishi ndani ya afterTextChanged, afterTextChanged inaitwa tena kwa mabadiliko yako mwenyewe. Nywila usiikate kabisa. Nafasi ndani yake ni halali, hata ya mwishoni.

Urefu nao una mambo yake. Emoji ya familia ya watu watatu ni herufi 1 kwa count ya Swift (lugha ya iOS), na ni 8 kwa length ya Kotlin au Dart (lugha ya Flutter), kwa kuwa lugha hizi mbili za mwisho huhesabu vipande vya UTF-16, mfumo wa kuhifadhi maandishi ambamo alama moja huweza kuchukua vipande kadhaa. Programu moja ya iOS na Android yenye kikomo kimoja inaweza basi kuwasha kitufe upande mmoja na kukizima upande wa pili kwa maandishi yaleyale. Na sharti la jina kuwa na angalau herufi tatu, ambalo nimelikuta mara nyingi, liondoeni. Wapo watu wenye majina ya herufi mbili, na kitufe kinawaambia kwamba jina lao si jina.

Dhana: kukagua kila herufi kutaifanya simu iwe nzito.

Kulinganisha maandishi mafupi ndani ya simu ni kazi ndogo mno, usiihangaikie. Kuuliza seva kama jina la mtumiaji limeshachukuliwa ni jambo jingine. Hapo subiri mtu atulie kidogo, kiasi cha milisekunde 300 hadi 500, ndipo uulize. Jibu likirudi, hakikisha kwanza linahusu maandishi yaliyopo sasa, kwa sababu jibu la jina alilolifuta linaweza kufika baada ya jibu la jina jipya na kukiwasha kitufe kimakosa.

Dhana: kitufe kikizimwa, hakuna atakayetuma.

Kibodi ina kitufe chake cha kumaliza, na hicho hakijali rangi ya kitufe chako. Kama onEditorAction ya Android au onSubmitted ya Flutter, zinazopokea mguso wa kitufe hicho, inaita kazi ya kutuma moja kwa moja, fomu tupu itaondoka. Swali lilelile liulizwe tena ndani ya kazi ya kutuma. iOS inayo enablesReturnKeyAutomatically, ila hiyo hutazama utupu tu, haijui masharti yako. Nyuma ya yote ipo seva, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia ombi bila kuifungua programu. Kitufe kilichozimwa humsaidia mtumiaji mwema asikosee. Hakimzuii mwenye nia mbaya. Vivyo hivyo kwa kugusa mara mbili: zima kitufe wakati ombi linasafiri, kiwashe likishindikana, na bado seva itambue ombi lililorudiwa.

Dhana: rangi ya kijivu inajieleza.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Rangi ya kijivu inasema “bado”, haisemi “bado nini”. Mwongozo wa WCAG, wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti na programu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa 4.5:1, lakini umevisamehe vidhibiti vilivyozimwa. Hivyo kitufe kinaweza kuwa halali kwa kanuni na kisisomeke kwa mwenye macho hafifu. Kwenye Android, kitufe kilichozimwa bado humeza mguso: hakifanyi kazi, na kilicho chini yake pia hakiupati.

Kwa sehemu moja ya kuandika ujumbe, zima bila wasiwasi. Sababu iko mbele ya macho. Kwa fomu ndefu, mimi hukiacha kitufe kikiwaka. Kikiguswa kabla ya wakati, namwonyesha mtu kilichopungua kwa maneno na kumpeleka kwenye sehemu husika. Ikibidi kukizima, sharti liandikwe karibu na sehemu tangu mwanzo, kwa mfano “angalau herufi 8”, na onyo lisitokee akiwa kwenye herufi ya kwanza. Lisubiri atoke kwenye sehemu hiyo, kisha liondoke mara tu anaporekebisha.

Kabla ya kuitoa programu, bandika maandishi badala ya kuyaandika, futa yote herufi kwa herufi, geuza simu katikati ya fomu, tuma kwa kitufe cha kibodi. Kisha washa TalkBack (Android) au VoiceOver (iOS), visomaji vinavyotamka yaliyo kwenye skrini, funga macho, acha sehemu moja tupu, na utembee hadi kwenye kitufe. Kitatamkwa kwamba kimezimwa. Sikiliza kama kuna chochote kinachokwambia ni kwa nini.