Mwanafunzi wa Afya Akiambiwa Arudie Rotesheni

Katika chumba chetu cha mazoezi kuna mwanasesere wa mpira mwenye ukubwa wa mtoto aliyezaliwa leo. Kifua chake huinuka pale tu unapoibana vizuri usoni barakoa ya ambu, yaani mfuko unaobonyezwa kwa mkono kusukuma hewa mapafuni. Hewa ikivuja kando ya shavu, kifua hakitikisiki. Muhula uliopita nilisimama karibu na mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu akibonyeza ambu huku mimi nikitazama saa. Vidole vitatu vinavyotakiwa kuinua taya vilikuwa vimelegea. Sekunde 20 zikapita, kisha 30, kisha 50, na kifua bado kimelala. Mtoto anayezaliwa bila kupumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kabla dakika moja haijaisha, ndiyo maana wakunga huiita dakika ya dhahabu. Mwanafunzi huyo alikuwa amepasi mtihani wa kuandika wa somo hilohilo, tena kwa alama za juu.

Tulimrudisha wodi ya uzazi kwa wiki sita. Siku barua ilipotoka, mama yake alinipigia simu kabla ya saa nne asubuhi. "Mwalimu, sasa nitawaambia nini watu waliotuchangia?" Karo ya binti ilitokana na harambee ya kanisani na ya ukoo. Sikuwa na jibu fupi la kumpa mama yule, na naamini wako wazazi wengi hapa Nairobi wenye swali kama lake.

Kwanza tuyatenganishe maneno, maana nyumbani yote husikika kama kufukuzwa. Sapu ni mtihani wa pili wa somo ulilokwama, na ukipasi unaendelea na wenzako. Kurudia rotesheni ni kurudi wodini kwa zamu moja uliyoshindwa kuonyesha uwezo, kwa mfano upasuaji, watoto au uzazi. Kurudia mwaka kunaeleweka. Kuahirisha masomo ni tofauti kabisa: hapo mwanafunzi mwenyewe ndiye anayeomba kusimama kwa muda kwa sababu ya ugonjwa, ujauzito, msiba au karo. Katika yote hayo jina lako bado limo kwenye orodha ya chuo.

Kwa nini basi mtu aliyepasi karatasi arudishwe? Mwaka wa 1990, daktari Mmarekani George Miller aliugawa uwezo wa mtu wa tiba katika ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha kwamba unaweza, na kufanya kweli kazini. Karatasi ya mtihani hupima ngazi mbili za chini. Ngazi ya tatu hupimwa kwa mtihani wa vituo, ule wanafunzi wanaouita oski, ambapo kengele ikilia unahamia meza nyingine na kazi nyingine. Mtihani huo ulielezwa na Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, mwaka wa 1975. Ngazi ya nne huonekana wodini tu, kwa mgonjwa halisi, usiku umeme umepotea na mama wawili wanasukuma kwa wakati mmoja. Binti yetu alikuwa amefika ngazi ya pili. Kumpeleka mbele tukijua hivyo kungekuwa kumtwika mtoto wa mtu mwingine gharama ya aibu yetu.

Lakini kurudia peke yake hakufundishi kitu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilirudishwa wodi ya watoto kwa wiki nane, na hakuna aliyeniambia nilikosea wapi. Nilizimaliza nikifanya makosa yaleyale. Ni miaka mingi baadaye, muuguzi mmoja mzee aliponishika mkono na kunionyesha jinsi ya kutafuta mshipa wa mtoto, ndipo nilipojua tatizo langu.

Kwa hiyo mkufunzi anayemrudisha mwanafunzi ana deni: amweleze kwa maandishi ni kitu gani hasa kilikosekana. Tuchukue hesabu za dozi. Mtoto wa kilo 12 akipewa parasetamoli kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 180. Sirapu ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Jibu ni mililita 7.5. Nimemwona mwanafunzi mwerevu, anayeijua dawa hiyo na madhara yake yote, akiandika 75. Tatizo lake halikuwa elimu ya dawa. Alikuwa na woga wa desimali tangu shule ya msingi na hakuwahi kumwambia mtu. Tulimpa hesabu kumi kila asubuhi kabla ya kuingia wodini, kwa wiki tatu, na hesabu zake zikanyooka. Kumrudisha mtu kama huyo mwaka mzima kwa sababu ya nukta moja ni sisi walimu kukataa kufanya kazi yetu.

Mwingine alikuwa akisinzia kila asubuhi wakati wa kupokezana zamu. Wauguzi walimwandika kuwa mvivu. Tulipokaa naye tukagundua anaishi Kayole, anaamka saa tisa usiku kumsaidia shangazi yake kukanda unga wa chapati za kuuza, kisha anapanda matatu na kukwama Jogoo Road. Huyo hakuhitaji kurudishiwa somo lolote. Alihitaji kitanda cha bweni na mzigo mwepesi kwa muhula mmoja. Na yuko aliyemzika baba yake Jumamosi, Jumatatu akaketi mtihani kwa sababu hakujua kwamba kuna kuahirisha. Alianguka masomo matatu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa ukurasa mmoja wa barua ungetosha.

Kuna pia namna ya kusoma kwa ajili ya sapu ambayo humrudisha mwanafunzi palepale. Tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe mwaka wa 1885 vipimo vyake vya kusahau, inajulikana kwamba tunachokariri kwa mkupuo hutoweka haraka, na tunachokipitia mara kwa mara kwa nafasi hukaa. Anayekesha usiku tatu kabla ya sapu anaweza kupasi na kuingia wodini mtupu. Nusu saa kila siku kwa wiki tano ni bora zaidi.

Kwa wazazi, naomba mkumbuke mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100, na wa wauguzi uliofuata mwaka wa 2017 kwa karibu miezi mitano. Hospitali za umma zilibaki na wagonjwa wachache, na wanafunzi hawakuwa na wa kujifunza kwake. Machi 2020 korona nayo ikafunga vyuo. Madarasa mazima yalichelewa. Leo wahitimu wale wako kazini, na sijasikia mgonjwa akimuuliza muuguzi alimaliza mwezi gani. Kuchelewa kwa darasa zima hakukumwaibisha mtu. Mbona kuchelewa kwa mmoja kuwe aibu ya ukoo?

Fedha ndizo zinazouma kweli. Wiki au mwaka wa ziada ni kodi ya nyumba, nauli, na pengine karo nyingine. Kabla ya kusaini chochote, mwanafunzi aende ofisi ya fedha aulize atalipa mwaka wote au sehemu anayorudia tu, kisha awaulize HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mkopo wake utakuwaje. Waliochangia harambee waambiwe ukweli huo mapema na mzazi mwenyewe, kabla hawajausikia kwa jirani.

Na wewe uliyepata barua juzi, usitoroke. Wanaotoroka ndio tunaowapoteza. Simu inazimwa, muhula unapita, na nafasi inafungwa kwa kukosa taarifa. Nenda kwa mkuu wa idara ndani ya wiki ya kwanza, ukiwa na daftari lako la wodini. Muombe akuonyeshe ni ujuzi upi haukutiwa sahihi na nani atakusimamia mara hii, na mkubaliane tarehe ya kukupima katikati ya zamu badala ya kungoja mwisho. Kama ni kuahirisha, andika barua kabla ya mtihani, ambatisha ya daktari au ya chifu, na ubaki na nakala yenye muhuri. Binti wa dakika ya dhahabu alifanya hivyo. Katika wiki ya nne alikuwa kwenye chumba cha kuzalishia, mtoto mmoja alipotoka kimya, rangi imemwisha. Msimamizi alisimama nyuma yake bila kugusa kitu. Vidole vitatu vilishika taya, na kifua kikainuka kwa pumzi ya kwanza.