Mwavuli, Mkoba na Tochi: Kujihami kwa Kilichopo Mkononi

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza kujihami huuliza kwanza ni kifaa gani kinachoumiza zaidi, ilhali linalookoa maisha ni kumweka mshambuliaji mbali nawe kwa muda unaotosha kukimbia na kupiga kelele.

Kwa kipimo hicho, mwavuli mrefu ninauweka mbele ya vyote. Asiyefundishwa huuinua juu na kuchapa nao kama bakora. Pigo la namna hiyo huonekana mapema, hudakwa kwa urahisi, na vyuma vyake vyembamba hupinda. Ushike kwa mikono miwili, mmoja kwenye mpini na mwingine katikati, ncha ikimwelekea mshambuliaji usawa wa kifua, kisha sukuma kwa nguvu na uurudishe papo hapo kabla hajaukamata. Mswisi Pierre Vigny alifundisha kujihami kwa fimbo ya kutembelea jijini London mwanzoni mwa karne ya 20, na umuhimu wa umbali ni uleule hadi leo.

Mkoba ni ngao dhidi ya kisu, lakini anayeutaka mkoba wenyewe apewe: utupe upande mmoja nawe ukimbilie mwingine. Usizungushe mkanda wake mkononi hata kidogo, kwa maana mporaji aliye kwenye pikipiki atakuburuta.

Ushauri wa kubana funguo katikati ya vidole siuafiki. Funguo hugeuka ndani ya ngumi, hukuumiza mwenyewe, na hukulazimisha kumkaribia mtu unayepaswa kumkimbia. Tochi yenye mwanga mkali ni bora zaidi usiku, kwani jicho lililozoea giza likimulikwa ghafla hushindwa kuona vizuri kwa muda, nawe unaipata nafasi ya kuondoka.

Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kutumia nguvu ya kadiri inayohitajika kwa kujilinda, na si zaidi. Aliyekwisha kuanguka au kukimbia asifuatwe wala kupigwa tena, hata kama hasira bado inachemka. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, eleza ulichofanyiwa na ulichofanya, na ikiwa umejeruhiwa uombe fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, kwa kuwa fomu hiyo huweza kuwa ushahidi wako mahakamani.