Mlipata ruhusa ya familia? Familia ipi?

Swali ni lile lile, na safari hii limetoka kwa mwalimu wa chuo, mtu ambaye nilidhani tungeelewana. Tulikuwa tumemaliza kuonyesha filamu ya maisha ya marehemu mmoja hapa Kisumu, taa zikawashwa, akashika maikrofoni akasema kazi ni nzuri lakini yeye haiamini, kwa kuwa hakuona popote maandishi kwamba familia ya marehemu imeidhinisha. Ukumbi ukampigia makofi.

Najua makofi hayo yanatoka wapi. Mimi ni mhariri na mwongozaji wa dokumentari za maisha ya watu, na kati ya kazi moja na nyingine hutengeneza video za matanga, ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Picha za ujana, siku ya harusi, watoto, wajukuu, wimbo wa kanisa ukipita chini. Video hiyo ni mali ya familia, na ndivyo inavyostahili. Watu wamefiwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayesimama mbele ya jeneza kuuliza marehemu alilipataje shamba lake.

Lakini mtu aliyeshika mamlaka, aliyeongoza watu, aliyefunga watu au aliyeua watu, maisha yake yalipita ndani ya maisha ya wengine. Hao waliofungwa pia wana sehemu yao katika hadithi hiyo. Ukisema filamu haiaminiki mpaka watoto wake waipige muhuri, umewaambia wajane wa upande wa pili kwamba kumbukumbu zao zinasubiri kibali cha nyumba iliyowaliza. Hilo ndilo linalonichoma, na ndiyo maana leo naandika badala ya kuhariri.

Mambo ya sheria nitayapita upesi. Leseni ya kupiga filamu ni lazima. Picha ya gazeti ni ya gazeti hata kama aliyemo ni babu yako. Katika sheria yetu ya Kenya kesi ya kuharibiwa jina hufa na mwenye jina, lakini walio hai waliotajwa ndani ya filamu wanaweza kukushtaki, kwa hiyo kila tuhuma iwe na karatasi nyuma yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatoa nafasi kwa kazi za uandishi wa habari, fasihi na sanaa zenye maslahi ya umma. Anayehojiwa atie saini fomu ya idhini, naye aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba anaruhusu maneno yake yatumike, hapewi mkasi wa kuikata filamu. Basi.

Sasa turudi kwenye familia. Wasomaji wa rika langu na walionitangulia wanaikumbuka kesi ya S.M. Otieno. Wakili Silvanus Melea Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, aliyetoka katika familia ya Kikuyu ya Waiyaki, alitaka kumzika Matasia karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ulitaka arudishwe Nyalgunga, Siaya. John Khaminwa akamtetea mjane, Richard Kwach akautetea ukoo, na nchi nzima ikawa inasubiri magazeti ya asubuhi. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kuzika mnamo Mei 1987, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo, siku 154 baada ya kufa. Wambui hakwenda mazishini.

Ningetengeneza filamu ya maisha ya mtu huyu leo, ningeomba muhuri wa nani? Wa mke, nipate filamu ya wakili wa mjini aliyejichagulia mwenzi na makao yake, kisha akavutwa kijijini akiwa maiti? Au wa ukoo, nipate filamu ya mwana wa Siaya ambaye Nairobi ilijaribu kumnyang'anya kwao? Wote wawili ni familia. Na kila upande ulileta mahakamani maneno ambayo marehemu alidaiwa kuyasema akiwa hai kuhusu mahali angependa kulazwa. Mtu mmoja, vinywa vingi, kila kimoja kikiapa kwamba kimemnukuu. Ukishawahi kukaa na mafaili ya kesi ile hutasema tena "familia" kana kwamba ni mtu mmoja aliyeketi kwenye kochi akikusubiri na kalamu.

Wengine hunijibu: sawa, familia zinagawanyika, lakini mwenyewe akishiriki je? Mwenye maisha si ndiye anayeyajua? Hapo huwaambia watafute filamu aliyoitengeneza Barbet Schroeder, mwongozaji Mswisi aliyefanya kazi Ufaransa, kuhusu Idi Amin mwaka 1974. Sisi wa huku tuna sababu zetu za kumkumbuka Amin. Februari 1976 alidai kwamba eneo la magharibi mwa Kenya ni la Uganda, akirejelea mpaka wa kabla ya 1902, wakati Kisumu ilipokuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Katika filamu hiyo Amin alishiriki kwa moyo wote. Aliwapangia wapiga picha pa kuelekeza kamera, akapanga zoezi la askari kuonyesha jinsi angeyateka Milima ya Golan kutoka kwa Israel, akapiga akodioni. Ushirikiano kuliko huo hakuna.

Ndani yake mna kikao cha baraza la mawaziri. Amin anazungumza, mawaziri wanaandika kama wanafunzi wanaoandikishwa imla. Anamlaumu waziri wake wa mambo ya nje. Kisha msimulizi anasema, kwa sentensi fupi, kwamba wiki mbili baadaye maiti ya waziri huyo ilipatikana katika mto Nile. Sentensi hiyo Amin hakuitoa yeye wala hakuipangia kamera. Iliwekwa na waliokuwa mezani wakihariri, na bila hiyo kile kikao kingebaki kuwa mkutano wa bosi mkali. Ndiyo kazi yetu hiyo: kuweka kando ya mtu jambo ambalo yeye hangelitaja.

Na alipopata habari ya yaliyomo, Amin alidai sehemu zikatwe. Raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda wakakusanywa hotelini na kupewa namba ya simu ya mwongozaji ili wamwombe akate. Akakata; maisha ya watu ni zaidi ya dakika za filamu. Vipande hivyo vilirudishwa baada ya Amin kupinduliwa. Mnaposema "mhusika aidhinishe", fikirieni kuidhinisha kuna maana gani mhusika anapokuwa na bunduki, au pesa, au kiti bungeni.

Mfano wa karibu zaidi uko milimani Nandi. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani, na aliyemuua ni afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Aliyeliandika tukio hilo kwa kirefu ni muuaji mwenyewe, katika shajara aliyoichapisha mwaka 1957. Kwa miaka mingi watu walioandika historia waliinukuu: ina tarehe, ina mazungumzo, imeandikwa na aliyekuwepo. Ingekuwa ruhusa ya mhusika ndiyo kipimo, hapa tunayo mpaka saini.

Kisha wataalamu wa ndege wakaanza kuchunguza mkusanyiko mkubwa wa ndege waliokaushwa aliokuwa nao Meinertzhagen. Katika miaka ya 1990 Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walionyesha kwamba ndege wengi alikuwa amewaiba katika makumbusho na kuwabandika lebo mpya, kana kwamba aliwakusanya mwenyewe, mahali pengine na siku nyingine. Mtu aliyedanganya tarehe na mahali pa ndege mdogo, tukubali vipi maelezo yake ya jinsi alivyomuua kiongozi wa watu? Hata shajara zenyewe aliziandika upya kwa taipureta baadaye. Mimi bado ningezitumia, lakini ningezitumia kama maneno ya mshukiwa: nasoma alichosema, namwambia mtazamaji ni nani anayesema, na naweka pembeni yake masimulizi ya Wanandi, kwamba Koitalel alipigwa risasi alipokuwa akinyoosha mkono wa salamu.

Masimulizi hayo yalitunzwa na nani? Na ukoo. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alizuiliwa na serikali ya kikoloni kuanzia 1923 akaachiliwa 1964, na bado habari ya baba yake haikupotea. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Familia nazihitaji. Bila familia hakuna barua, hakuna picha, hakuna mtu wa kukwambia kwamba marehemu aliogopa giza au alikuwa akiamka saa kumi kusoma. Familia ni shahidi, mara nyingine shahidi pekee aliyebaki. Nami shahidi humuuliza maswali.

Swali langu la kwanza siku zote ni moja: ulikuwa umesimama wapi? Mzee mmoja, viti vyake vimetandikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, alinisimulia ile tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua hospitali ambayo hadi leo tunaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ilikuwa miezi mitatu na kitu tangu waziri Tom Mboya apigwe risasi Nairobi. Kenyatta na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, walinzi na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Watu wa hapa wamekuwa wakitaja idadi kubwa zaidi kwa zaidi ya nusu karne. Siku tano baadaye KPU, chama cha Jaramogi, kikapigwa marufuku. Mzee alisimulia vizuri sana: vumbi, viatu vilivyoachwa barabarani, mama aliyekuwa akiita jina la mtoto. Nikamuuliza, "Mzee, wewe mwenyewe ulikuwa upande gani wa lango?" Akanyamaza kidogo. Akasema siku ile alikuwa Jinja, Uganda, kazini. Aliyekuwepo ni kaka yake, na kaka alimsimulia usiku kucha.

Hakudanganya. Alikuwa amebeba kumbukumbu ya kaka yake muda mrefu mpaka ikawa yake. Nikaiweka, na chini ya jina lake nikaandika kwamba alisimuliwa na kaka. Ila hapa nina wasiwasi ambao vitabu vya kufundishia filamu havinisaidii: mtazamaji hasomi yale maandishi. Anaona uso, anasikia sauti ikitetemeka, anaamini macho ya mzee yaliyaona. Na msimulizi hodari hupewa dakika nyingi kuliko aliyekuwepo kweli lakini hajui kusimulia. Hili hutokea katika kila dokumentari unayoipenda, na dawa yake sijaipata.

Kuna jambo jingine dogo linalonikosesha usingizi zaidi. Nilimhoji binti wa ofisa wa utawala wa zamani. Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kuzungumza nyumbani kuhusu watu waliokamatwa kwa amri yake. Akaangalia mikono yake. Jikoni vikombe vikagongana, mtu akafunga mfereji. Zikapita sekunde kama 9, ambazo kwenye skrini ni nyingi mno, ndipo akasema, "Baba alitupenda." Nikiikata ile kimya, anaonekana amejibu haraka, mkavu, kama mtu aliyefundishwa la kusema. Nikiiacha, ukumbi mzima unamhukumu baba yake kwa kunyamaza kwake, na huenda dada wa watu alikuwa amechoka tu, au aliwaza chakula kinaungua. Niliiacha, nikaondoa muziki uliokuwa chini yake ili nisiwasukume watu. Familia ilitaka ikatwe. Tulizungumza kwa saa nyingi, na nilimweleza yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini inabaki. Bado sijui kama nina haki ya kimya cha mtu mwingine. Hayo ndiyo maswali ya maadili ya kazi hii, na muhuri wa idhini hauyajibu hata moja.

Kuhusu Robert Ouko, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya, nitasema kidogo tu. Maiti yake ilipatikana karibu na Koru Februari 1990, tume iliyochunguza ikavunjwa 1991 kabla ya kumaliza kazi, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Ukisikia sauti nzito ya msimulizi ikikwambia "ni wazi kwamba aliyemuua ni fulani", zima. Kama ingekuwa wazi kungekuwa na hukumu.

Ninachofanya na familia ni hiki. Kabla ya kuonyesha hadharani huwaita, nawaonyesha sehemu zinazowahusu. Wakisema tarehe si sahihi, au aliye pichani ni mjomba na siyo baba, narekebisha siku hiyo hiyo na kuwashukuru. Anayetuhumiwa, au walio wake, hupewa nafasi ya kujibu mbele ya kamera, na jibu lao huingia. Wakisema "hii inatuaibisha", nasikiliza mpaka mwisho. Ikiwa inamuumiza mtoto ambaye hakutenda lolote, na hadithi inasimama bila hiyo, naitoa. Ikiwa ndiyo yenyewe hadithi, inabaki.

Na kwa nyinyi wenye makasha ya chuma chini ya vitanda: waliokuwa vijana 1969 sasa wana miaka 70 na zaidi. Toeni picha zile, mkae nao, mwandike nyuma kwa penseli majina ya waliosimama kuanzia kushoto, mahali, na mwaka. Kalamu ya wino huvuja hadi upande wa mbele. Barua msizipige laminesheni. Kama hamtaki kuniamini mimi nazo, zipigeni picha kwa simu mbele ya dirisha, mchana, bila flashi, nakala mbili katika nyumba mbili tofauti.