Kulenga ncha ya anga: maana yake na usahihi unaohitajika

Kulenga ncha ya anga ni kuuweka mhimili wa kifuatilia nyota, yaani kifaa kinachoizungusha kamera ili izifuate nyota, sambamba na mhimili wa Dunia. Maana yake ni hiyo tu. Skrubu, darubini ndogo ya pembeni, programu za simu na dira zote ni njia za kulifikia jambo hilo moja, na mtu akilielewa vizuri hana haja ya kukariri hatua za mwongozo wa kifaa chochote.

Tuanze na mwendo wenyewe. Ukiipima kwa nyota badala ya Jua, Dunia humaliza mzunguko wake kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Sisi tulio juu yake tunaona kinyume: nyota ndizo zinazosogea, kutoka mashariki kwenda magharibi, kiasi cha digrii 15 kwa saa. Wapiga picha za anga hupenda kutumia vipimo vidogo zaidi. Digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ya tao ina sekunde 60 za tao. Kwa vipimo hivyo, nyota iliyo kwenye ikweta ya anga, yaani duara la angani lililo juu ya ikweta ya Dunia, husogea sekunde 15 za tao katika kila sekunde ya saa.

Mwendo huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua lenzi ya milimita 135 kwenye kamera yenye pikseli za maikromita 4. Kila pikseli inafunika takriban sekunde 6 za tao za anga, kwa hiyo nyota huivuka kwa chini ya nusu sekunde. Kanuni maarufu ya 500, inayosema ugawanye 500 kwa urefu wa lenzi ili upate sekunde za kuacha shata wazi, itakuruhusu karibu sekunde 4 kwa lenzi hiyo. Katika sekunde hizo nyota itakuwa imevuka pikseli tisa. Kanuni hiyo ina ukarimu mno kwa kamera za leo, na ndiyo maana anayetaka picha ya Kilimia au galaksi ya Andromeda yenye nyota za mviringo huishia kutafuta kifuatilia.

Kifuatilia nyota kina mota, gia na mhimili mmoja. Kinaizungusha kamera kuelekea magharibi kwa kasi ileile ya anga. Mwaka 1975, Mskoti George Haig alichapisha muundo rahisi kabisa wa kifaa cha aina hiyo: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na skrubu inayousukuma ubao wa juu kidogo kidogo. Muundo huo unaonyesha kiini cha jambo kuliko kifaa chochote cha dukani. Tuseme skrubu yako inapanda milimita 1 kwa kila mzunguko na unaizungusha mara moja kwa dakika. Ukiiweka milimita 229 kutoka kwenye bawaba, mbao zitafunguka kwa kasi sawa na ya Dunia. Lakini hesabu hiyo nzuri haina faida iwapo bawaba imeelekea kusikotakiwa. Mbao zitafunguka kwa kasi sahihi kuuzunguka mhimili usio sahihi, na kamera itakuwa inazifuata nyota ambazo haziendi huko.

Kifuatilia hakioni nyota. Hakijui kama ziko kushoto au kulia, kinazunguka tu. Wewe ndiye unayekiambia kizunguke kuelekea wapi, na unakiambia mara moja tu, kabla ya picha ya kwanza.

Ncha iko wapi

Mhimili wa Dunia ukiurefusha hadi angani hugusa sehemu mbili, ncha ya anga ya kaskazini na ya kusini. Kimo cha ncha juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali uliposimama. Ukiwa latitudo ya digrii 40 kaskazini, ncha iko digrii 40 juu, upande wa kaskazini halisi. Ukiwa digrii 25 kusini, iko digrii 25 juu, upande wa kusini. Kwa hiyo una mambo mawili tu ya kurekebisha, kimo na uelekeo, na ndiyo sababu egemeo la kifuatilia, yaani kitako kinachokishika juu ya tripodi, lina skrubu za aina mbili.

Kimo ni rahisi. Laza simu juu ya uso wa kifuatilia ulio sambamba na mhimili, fungua programu ya kupimia mwinamo, na utakuwa karibu sana na latitudo yako. Uelekeo ndio wenye shida. Dira huonyesha kaskazini ya sumaku, na tofauti kati yake na kaskazini halisi hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kuna sehemu za Dunia inakopita digrii 10 au 20. Simu inaweza kuisahihisha tofauti hiyo ikijua ilipo, lakini haiwezi kuisahihisha tripodi ya chuma wala mota iliyo karibu nayo. Pima uelekeo ukiwa umesogea hatua kadhaa nyuma ya kifaa, kisha ukilinganishe na alama ya mbali.

Walio kaskazini wana msaada mkubwa, Nyota ya Kaskazini, yaani Polaris. Nyota mbili za ukingo wa kundi la nyota la Dubu Mkubwa, Merak na Dubhe, zinaielekezea: fuata mstari wao kwa takriban mara tano ya umbali uliopo kati yao. Hata hivyo Polaris si ncha yenyewe. Kwa sasa iko karibu dakika 38 za tao kutoka kwenye ncha, zaidi kidogo ya upana wa Mwezi mpevu, na huizunguka ncha kila siku kama nyota nyingine yoyote. Mhimili wa Dunia nao huyumba polepole kwa mzunguko wa miaka 26,000 hivi, kwa hiyo umbali huo unazidi kupungua na utafikia udogo wake karibu na mwaka 2100.

Hapo ndipo duara lenye alama za saa ndani ya darubini ya ncha, ile darubini ndogo ya pembeni ya kulengea, linapopata maana. Katikati ya duara ni ncha. Ukingoni ndipo Polaris inapotakiwa kukaa, na alama ya duara ya kuiweka hutegemea tarehe, saa na longitudo. Programu ya simu hukupa nafasi hiyo. Jambo la kuangalia ni kwamba darubini nyingi za ncha hupindua taswira, juu ikawa chini na kushoto ikawa kulia, na programu nzuri hukuuliza kama unataka mchoro uliopinduliwa. Ukichagua kinyume, utaweka Polaris upande wa pili wa duara na kosa lako litakuwa mara mbili ya lile la mtu aliyeiweka katikati bila kujali chochote.

Kusini kazi ni ngumu zaidi. Nyota ya karibu inayoonekana kwa macho ni Sigma Octantis, yenye mng'ao wa 5.4 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu), na iko zaidi ya digrii moja kutoka kwenye ncha. Mwezi ukiwepo au taa zikiwa karibu, macho hayaioni kabisa. Wengi hutumia umbo la pembe nne linaloundwa na Sigma, Tau, Chi na Upsilon za kundi la Octans, ambalo darubini nyingi za ncha zimelichora ndani yake. Kwanza fika jirani kwa Msalaba wa Kusini, ukiurefusha mhimili wake mrefu mara nne na nusu, halafu litafute umbo hilo kwa subira.

Usahihi kiasi gani unatosha

Hili ndilo swali ambalo maelezo mengi huliruka, nami naliona ndilo muhimu kuliko yote. Kila dakika moja ya tao ya kosa katika kulenga husababisha nyota kusogea hadi robo ya sekunde ya tao kwa kila dakika ya saa. Ukiwa na hesabu hiyo moja unaweza kuamua mwenyewe.

Mtu aliyeiweka Polaris katikati ya darubini, asishughulike na duara, ana kosa la dakika 38 za tao. Nyota zake zitateleza takriban sekunde 10 za tao kwa dakika. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera yetu ileile, pikseli moja ni sekunde 34 za tao, kwa hiyo anaweza kuacha shata wazi dakika tatu na hata pikseli moja isivukwe. Kwa picha pana ya Njia Nyeupe, basi, kazi yake imekwisha. Aweke lenzi ya milimita 135 na apige dakika mbili, nyota zitanyooka kwa zaidi ya pikseli tatu. Kwa milimita 300, dakika moja tu itazinyoosha karibu pikseli nne, na picha hiyo itabidi kufutwa.

Igeuze hesabu. Ukitaka dakika mbili bila kuvuka pikseli moja, lenzi ya milimita 135 inakuruhusu kosa la karibu dakika 12 za tao, na ile ya milimita 300 inakuruhusu karibu 5. Kupita hapo, kwa kifuatilia kidogo cha kubebeka, sioni faida ya kuendelea kuhangaika na skrubu. Gia zake zenyewe hazizunguki kwa kasi sawa muda wote. Huenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo kila meno yanapopita, na kosa hilo litakuzidi hata ukilenga kikamilifu. Dakika utakazookoa zitumie kupiga picha nyingi zaidi za kuunganisha.

Pale ncha isipoonekana

Mti, jengo, mlima au mawingu ya upande mmoja yanaweza kuificha ncha, na kwa aliye karibu na ikweta ncha zote mbili zinalala kwenye upeo wa macho, ndani ya ukungu na vumbi. Kuna njia ya zamani isiyohitaji kuiona kabisa, nayo ni kuutazama mteleko wa nyota wenyewe.

Ielekeze kamera kwenye nyota iliyo juu, karibu na mstari unaopita utosini kutoka kaskazini hadi kusini. Fungua shata, uiache mota ifanye kazi dakika mbili, kisha uizime kwa mkono mwepesi huku shata ikibaki wazi sekunde 10 zaidi. Sekunde hizo 10 zitachora mstari mfupi wa mashariki na magharibi. Ikuze picha utazame mwanzo wa mstari. Nyota ikiwa imetoa mkia unaoukata mstari huo kama herufi L, mkia huo ni wa kaskazini na kusini, na kosa liko kwenye uelekeo. Geuza skrubu ya uelekeo kidogo, upige tena. Mkia ukirefuka, umegeuza upande usio wake. Rudi upande wa pili hadi mkia upotee. Halafu tafuta nyota iliyo chini kiasi upande wa mashariki au magharibi, urudie zoezi lilelile kwa skrubu ya kimo.

Mstari huohuo mfupi ni chombo kizuri cha kuchunguza tatizo. Mkia unaokata mstari hutokana na ulengaji. Unyookaji unaoufuata mstari kwa kawaida hutokana na gia, uzito usiosawazishwa, au kasi iliyowekwa ya Mwezi au ya Jua badala ya nyota. Na ukiona nyota zimenyooka maradufu ya zile za tripodi tupu, usiguse skrubu yoyote: swichi ya kaskazini na kusini imewekwa kinyume, na mota inakimbia upande usiotakiwa. Tazama nyota za katikati ya picha unapofanya uchunguzi huu, kwa sababu lenzi nyingi huziharibu umbo nyota za pembeni hata kifaa kikiwa sawa kabisa.

Mwenye kompyuta anaweza kuacha yote hayo kwa programu kama SharpCap au N.I.N.A., zinazopiga picha kadhaa huku mhimili ukizungushwa, zikazilinganisha na orodha ya nyota na kukuonyesha umekosea kiasi gani na upande gani. N.I.N.A., ikiwa na nyongeza yake ya kulenga kwa vituo vitatu, hufanya hivyo hata kwenye sehemu ya anga iliyo mbali na ncha.

Kilichobaki ni mpangilio wa kazi. Tripodi haihitaji kuwa sawa kabisa na ardhi. Usawa husaidia tu skrubu ya kimo isiharibu uelekeo na ya uelekeo isiharibu kimo. Kama egemeo halishuki hadi latitudo yako ndogo, fupisha mguu mmoja wa tripodi. Kamera, lenzi na uzani wa kusawazisha viwe vimefungwa kabla ya ulengaji wa mwisho, kwa sababu uzito wao hulipinda egemeo na kuzamisha miguu kwenye mchanga au udongo laini. Ukishaigeuzia kamera kwenye kitu unachotaka kupiga, chungulia tena ndani ya darubini ya ncha kabla ya kuanza. Polaris ikiwa imehama kwenye nafasi yake, irekebishe kwa skrubu za egemeo, si kwa kusogeza miguu ya tripodi.