Kuongeza Mhusika wa Kike Hakutoshi

Kazi yangu ni kupitia miswada ya vipindi vya watoto kabla ya kurekodiwa, na jambo ninaloliangalia kwanza si idadi ya wahusika wa kike na wa kiume bali ni nani anayeuliza, nani anayejibu, na nani anayeruhusiwa kukosea kisha akajaribu tena. Muswada unaweza kuwa na wasichana wengi ambao kazi yao ni kumpigia makofi mvulana anayejenga daraja. Kwa hesabu, kipindi hicho kimefaulu. Lakini mtoto wa miaka 4 hahesabu, anaiga.

Mfano ninaourejea mara nyingi ni Baghch-e-Simsim, toleo la Afghanistan la Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto cha Marekani. Mwaka 2016 aliingizwa kikaragosi aitwaye Zari, msichana wa miaka 6. Mavazi yake yalichanganya vitambaa na mitindo ya makabila mbalimbali ya nchi hiyo, na akivaa sare ya shule hujitanda ushungi. Katika sehemu mojawapo anamhoji daktari na kumuuliza afanye nini ili naye awe daktari. Hapo utamaduni haukuwa pambo. Mzazi mwenye shaka kuhusu elimu ya binti yake angeweza kuukataa ujumbe huo kama jambo la kigeni, lakini ni vigumu kumwita mgeni mtoto aliyevaa kama watoto wa nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata akaja Zeerak, mdogo wake Zari, mwenye miaka 4, anayevutiwa sana na dada yake na kutamani kwenda shule kama yeye. Kwa maoni yangu, huu ndio uamuzi wenye busara zaidi katika mradi mzima, ingawa ndio usiozungumzwa sana. Mvulana anayetazama anaonyeshwa namna ya kumheshimu dada bila kuhubiriwa, na ndugu wa kiume huwa na sauti kubwa katika mustakabali wa dada zao. Vipindi vingi vya usawa wa kijinsia huwasahau wavulana kabisa, au huwageuza wakorofi wa hadithi, kosa ambalo nalo ni ubaguzi.

Ninapowakabidhi waandishi maoni yangu, huwaomba wabadilishane majina ya wahusika wa kike na wa kiume, kisha wausome muswada kwa sauti. Mstari unaowachekesha ghafla ndio tunaoanza kuuandika upya.