Mvinyo wa Sherehe Kisumu: Anza na Barafu

Ukiniuliza mvinyo gani upeleke kwenye sherehe Kisumu, nitakuuliza kwanza una barafu kiasi gani. Mchana joto hapa hufika nyuzi 29 au 30, na chupa ya bei ghali huharibika humo sawa na ya bei rahisi: pombe hukupanda puani, ladha ya zabibu ikapotea.

Ule usemi kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba ulitoka Ulaya, kwenye nyumba baridi za nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya mtaa wa Milimani, Kisumu, saa nane mchana si chumba hicho. Mwekundu nao utie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Nakuru mwezi wa Julai mambo ni mengine. Jioni, chupa iliyokaa kabatini mara nyingi iko tayari, na mwekundu mzito kama Shiraz hupatana vizuri na mbuzi wa kuchoma.

Barafu peke yake huacha nafasi za hewa, kwa hiyo chupa haipoi sawasawa. Kwenye ndoo ya lita 20 weka chupa nne, kilo tano za barafu, maji ya kufika shingoni na konzi mbili za chumvi. Chumvi hushusha joto la maji chini ya sufuri. Dakika 20 hadi 25 zatosha kwa mweupe. Kwenye friza utasahau, na mvinyo ukiganda hutanuka, ukasukuma kizibo au kupasua chupa.

Sasa samaki. Ngege wa kukaanga na kachumbari iliyokamuliwa ndimu anataka mvinyo mweupe mkali wa asidi, kama Sauvignon Blanc. Ipo ya Leleshwa, chapa ya Kenya ya zabibu za Naivasha. Chakula kikiuzidi mvinyo kwa ukali, mvinyo huonekana maji matupu. Mwekundu na samaki huacha ladha ya sarafu ulimini, kwa sababu madini ya chuma yaliyo ndani yake hukutana na mafuta ya samaki. Ukitaka kuliona kosa hili waziwazi, jaribu na omena.

Pilipili nayo ina adui wake: pombe nyingi, pamoja na tanini, ule ukakasi unaokausha fizi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Soma lebo, tafuta asilimia 11 au 12 ya pombe na utamu kidogo. Mweupe wa Chenin Blanc wenye utamu kiasi hufaa hapo, na hufaa pia kuku wa kienyeji wa mchuzi msimu wa masika.

Hesabu: chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Kwa saa tatu, chupa moja kwa wanywaji wawili. Wanywaji 20 ni chupa kumi, ongeza mbili za akiba. Mchana wa jua, nane ziwe nyeupe. Mvinyo wa boksi sioni aibu kuupendekeza, maana mfuko wa ndani hujikunja bila kuingiza hewa na mabaki hukaa wiki kadhaa kwenye friji. Chupa iliyofunguliwa, siku tatu hivi.

Dukani, iache chupa iliyosimama dirishani kwenye jua. Pitisha kidole juu ya mdomo wake: kizibo kikiwa kimejitokeza, au shingo ikinata, mvinyo huo umeshapikwa na joto. Na ukishanunua, usiuache kwenye buti la gari ukaingia sokoni.